Mauti na Maumivu: Tunaogopa Nini Hasa?

Mgonjwa aliyelazwa Machakos na saratani ya koo iliyokwisha kuenea haulizi sana habari za ahera. Anauliza usiku atabaki na nani. Anauliza dawa ya maumivu itakuja saa ngapi, bili imefika wapi, na kama ng'ombe aliyeuzwa ni yule wa maziwa. Wageni humwona mtu anayekwepa jambo kubwa kwa kushika madogo. Mimi naamini hayo madogo ndiyo jambo lenyewe. Hofu ya kifo tunaitaja kana kwamba ni kitu kimoja, kumbe ni hofu nyingi zilizofungwa pamoja, na nyingi kati ya hizo hazihusu kufa. Zinahusu siku na majuma kabla ya kukata roho, na zinahusu sisi tutakaobaki. Hizo zina dawa, na kuziacha bila dawa kwa kisingizio kwamba kifo ni fumbo ni dhuluma kwa anayekufa.

Tuanze na mwili, kwa sababu ndio unaoogopwa kwanza. Kufa kwa ugonjwa wa muda mrefu huenda polepole, kwa mfuatano ambao muuguzi mzoefu anaweza kuusoma. Hamu ya chakula huisha mapema. Hapa ndipo nyumba nyingi huanza kukorofishana: binti amepika uji, shangazi amechemsha supu ya mifupa, mgonjwa anageuza uso. Jamaa wanaona anakufa njaa. Lakini mwili unaozimika haukihitaji tena chakula, na kumlazimisha humletea kichefuchefu na kupaliwa. Kinachomsumbua zaidi ni ukavu wa kinywa, na tiba yake haina gharama: pamba iliyoloweshwa maji, ipitishwe midomoni na kwenye ufizi kila mara, kisha mafuta kidogo midomo isipasuke. Pwani watu wanalijua hili tangu zamani. Kumdondoshea mtu maji kinywani huku akisomewa sura ya Yasin ni sehemu ya kumuaga.

Kisha usingizi unazidi. Mikono na miguu inapoa, ngozi ya magotini inaingia madoa ya zambarau. Pumzi inapanda, inashuka, inasimama kabisa kwa muda unaomtosha mtu kusema "basi", halafu inarudi. Mwishoni husikika mkoromo wa mate yaliyotuama kooni. Sauti hiyo ndiyo inayowafanya watu waondoke chumbani wakisema marehemu aliteseka sana. Kwa kawaida mtu aliyefika hapo hana fahamu tena, na ndiyo sababu hayamezi mate hayo wala hayakohoi. Anayeteseka ni anayesikiliza, na laiti angeelezwa mapema angeweza kukaa pale akiwa ameshika mkono badala ya kukimbilia nje.

Masikio huenda ndiyo yanayofungwa mwisho. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walipima ubongo wa wagonjwa walioacha kuitika katika saa zao za mwisho, wakaona kwamba baadhi yao bado walipokea mabadiliko ya milio karibu sawa na vijana wenye afya. Hakuna anayeweza kusema kama walielewa walichosikia. Inatosha, hata hivyo, kuwanyamazisha wanaoanza kugawana shamba kando ya kitanda.

Na ile dakika yenyewe? Moyo ukisimama, ubongo hukosa damu na fahamu hupotea ndani ya sekunde kumi hadi ishirini hivi. Baada ya hapo tunategemea walioponea chupuchupu. Utafiti ulioongozwa na daktari Sam Parnia na kuchapishwa 2014 ulifuatilia visa 2,060 vya moyo kusimama katika hospitali 15 za Marekani, Uingereza na Austria. Walionusurika walikuwa 330, na 140 kati yao wakahojiwa. Takribani wanne katika kila kumi walisema walikuwa na namna fulani ya kujitambua, wengi bila kumbukumbu ya wazi. Wachache walisimulia utulivu, mwanga, au muda uliokwenda mbio. Wengine walisimulia hofu pia, na si haki kuwaficha hao ili hadithi ipendeze. Mwaka 2023 timu ya Jimo Borjigin huko Michigan ilichapisha habari za wagonjwa wanne walioondolewa mashine ya kupumulia. Kwa wawili kati yao ubongo ulitoa mawimbi ya kasi yanayofanana na yale ya mtu aliye macho. Wanne ni wachache mno kujengewa nadharia. Na waliorudi, kwa kuwa walirudi, hawakufa. Tunachoweza kusema bila kudanganya ni kwamba ushuhuda uliopo haufanani na zile picha za kutisha tunazojichorea.

Vifo vya ghafla vina maswali yake, na Machakos inayajua. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, bweni la Shule ya Upili ya Kyanguli liliteketea na kuua wavulana zaidi ya sitini. Madirisha yalikuwa na vyuma, na mlango mmoja ulikuwa umefungwa. Wengi wao walizikwa pamoja katika kiwanja cha shule kwa sababu haikuwezekana kumtambua kila mmoja. Mzazi wa mtoto aliyekufa hivyo hubaki na swali moja ambalo hathubutu kulitamka mbele za watu: aliumia kwa muda gani? Jibu la madaktari wanaochunguza vifo vya moto ni kwamba mara nyingi moshi hutangulia. Hewa yenye sumu inayotokana na vitu vinavyoungua ndani ya chumba kilichofungwa humlewesha mtu na kumpokonya fahamu, mara nyingi kabla ya ndimi za moto kumfikia. Jibu hilo halipunguzi uzembe wa waliofunga mlango huo, wala hofu ya dakika za kwanza. Lakini ni jibu, na ni afadhali mzazi alipewe kuliko aachwe miaka ishirini akichora jambo baya zaidi kichwani.

Mtu aliyekaribia sana kifo cha kuraruliwa na akaandika ni mmisionari David Livingstone. Mwaka 1844, huko Mabotsa kusini mwa Afrika, simba alimkamata begani na kumtikisa. Baadaye alieleza kwamba mtikisiko ule ulimtia ganzi ya ajabu, kama ndoto, asisikie maumivu wala woga ingawa alijua kila kilichokuwa kikitendeka. Mwaka 1892 Mswisi Albert Heim, mwanajiolojia aliyewahi kuanguka mlimani, alichapisha ushuhuda wa wapanda milima walioporomoka wakanusurika, na wengi wao walisimulia utulivu huohuo na mawazo yaliyokwenda kwa kasi. Yaelekea mwili una njia zake za kumfunika mtu dakika ile. Asiyefunikwa ni yule anayekufa kwa miezi.

Huyo wa miezi ndiye ninayemwandikia hasa, kwa sababu maumivu yake yanaweza kuzuiwa na mara nyingi hayazuiwi. Dawa yenyewe inajulikana tangu karne ya 19: mofini. Ya kunywa hutengenezwa kwa unga uliochanganywa na maji, ikatiwa rangi ili nguvu moja isichanganywe na nyingine, ikafungwa katika chupa ya plastiki. Ni chungu. Mgonjwa hupewa kipimo kidogo kila baada ya saa nne, usiku kikiwa mara mbili ili alale, na kipimo kinapanda kadiri maumivu yanavyopanda. Haihitaji sindano, mashine, wala kitanda cha hospitali. Binti aliyefika darasa la nane anaweza kumpa mama yake nyumbani Mwala akiwa na kijiko cha kupimia na saa.

Pamoja na urahisi huo, shirika la Human Rights Watch lilipochunguza hali ya Kenya mwaka 2010 lilikuta kwamba kati ya hospitali za serikali zipatazo 250, saba tu ndizo zilizokuwa na mofini ya kunywa. Saba. Wengi waliokuwa wakifa nje ya hizo saba walipewa parasetamo au maneno ya kutia moyo. Baadaye wizara ya afya ilianza kuweka vitengo vya tiba shufaa, yaani huduma ya kuwatuliza wasioponyeka, katika hospitali kubwa za mikoa, na hospitali ya Level 5 ya Machakos ikawa miongoni mwake. Chama cha kitaifa cha huduma hizi, KEHPCA, kimefundisha wauguzi na madaktari wengi tangu wakati huo. Hali si ile ya 2010. Lakini mtu wa Masinga au Ndithini bado yuko mbali na mji, na nauli ya matatu ni sehemu ya maumivu yake.

Majirani zetu wa Uganda walifika mapema zaidi kwa njia ambayo Kenya ilichangia. Nairobi Hospice ilianzishwa 1990, na daktari wake wa mwanzo alikuwa Anne Merriman, mtawa wa zamani mzaliwa wa Liverpool. Miaka mitatu baadaye alihamia Kampala akaanzisha Hospice Africa Uganda. Uganda ilifanya jambo ambalo nchi nyingi ziliogopa: mwaka 2004 ilibadilisha sheria ili wauguzi na maofisa wa tiba waliofunzwa huduma hiyo waweze kuandika mofini, kwa kuwa daktari hayupo kijijini na maumivu yapo. Serikali ikaitoa bure. Hoja kwamba dawa hii italewesha nchi nzima haikutimia. Mgonjwa anayekufa kwa saratani hatafuti kulewa; anatafuta kulala usiku mmoja.

Kuna kizuizi kingine kisichotoka wizarani. Watu wengi husikia jina la mofini wakadhani ndiyo hukumu, kwamba ukipewa hiyo basi daktari amekata tamaa. Wengine huamini mateso ni kitu cha kuvumiliwa kwa imani, na kwamba kuomba dawa ni udhaifu. Namheshimu anayechagua kuvumilia mateso yake mwenyewe. Simheshimu anayemchagulia mwingine.

Maumivu yakishatulizwa, ndipo mtu anapoweza kuzungumza, na yanayozungumzwa ni ya kushangaza. Katika nyumba ya kuhudumia wanaokufa huko Buffalo, Marekani, daktari Christopher Kerr na wenzake waliwauliza wagonjwa 59 kila siku kuhusu ndoto zao. Matokeo yakachapishwa 2014. Karibu tisa kati ya kila kumi walikuwa wameota au kuona jambo lililoonekana la kweli kabisa kwao. Kadiri kifo kilivyokaribia, ndivyo walivyozidi kuwaota watu waliokwisha kufa, na ndoto za wafu ndizo zilizowafariji kuliko zote.

Ungemweleza bibi yeyote wa Kathiani au Kangundo matokeo hayo asingeona jipya. Mgonjwa akianza kumwita mamake aliyekufa zamani, wazee hujua safari imekaribia. Mwanateolojia John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, mwaka 1931, aliyefariki Uswisi mwaka 2019, alilipa jambo hilo maelezo ya kitaalamu katika kitabu chake maarufu cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika. Kwa maelezo yake, aliyekufa haondoki mara moja. Maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina, yeye ni marehemu aliye hai, mtu wa nyumbani bado. Humwagiwa kinywaji, hutengewa tonge, huja ndotoni. Anapokufa wa mwisho aliyemjua, baada ya vizazi vinne au vitano hivi, ndipo anapozama katika zamani na kuwa mmoja wa aimu, yaani mizimu wasio na majina. Mbiti alipingwa na wasomi wengine, hasa kwa kudai kwamba Mwafrika wa jadi hakuwa na wazo la wakati ujao ulio mbali. Nadhani walimpinga kwa haki. Lakini kuhusu wafu aliona jambo la msingi: katika mpangilio huo mtu hufa mara mbili, na kifo cha pili, cha kusahauliwa, ndicho kizito.

Tusiyatukuze ya kale kupita kiasi. Wakamba wa zamani waliogopa maiti sana. Wazee wa heshima walizikwa, lakini wengi walipelekwa vichakani, na nyumba iliyoguswa na kifo ililazimika kutakaswa. Njaa kuu ya miaka ya 1897 hadi 1899, iliyoitwa Ngomanisye, ilikuja pamoja na ndui, na walioanguka njiani walikuwa wengi kuliko walioweza kuzikwa. Makaburi ya nyumbani, yenye msalaba na maua, yalienea pamoja na misheni. Na misheni yenyewe ilianza kwa kaburi: Peter Cameron Scott, mwanzilishi wa Africa Inland Mission, aliingia Ukambani mwishoni mwa 1895, akafa kwa homa mwezi Desemba 1896 huko Nzaui, akiwa na miaka 29.

Mahali pa kulala ni hofu nyingine kubwa katika Kenya yote. Kuzikwa mbali na kwao ni kwa wengi msiba juu ya msiba. Hata tajiri William Northrup McMillan, Mmarekani aliyemiliki ardhi kubwa chini ya Ol Donyo Sabuk, alitamani alazwe kileleni mwa mlima huo. Alipofariki 1925 jeneza lilipandishwa, lakini msafara ukashindwa kufika juu, na kaburi lake likachimbwa kabla ya kilele.

Siku hizi hofu hiyo imevaa sura ya bili. Mtu anakufa akijua kwamba mochari inahesabu siku, kwamba jamaa wataunda kundi la WhatsApp la kuchanga, kwamba shamba la nusu ekari linaweza kuuzwa ili atoke hospitalini akiwa maiti. Mahakama Kuu imetamka zaidi ya mara moja kwamba maiti si mali ya kuwekwa rehani kwa ajili ya deni, na bado miili huzuiwa. Ninapomsikia mtu mzima akisema haogopi kufa bali anaogopa "kusumbua watu", nayachukua maneno yake kama yalivyo. Huyo haogopi mauti. Anaogopa ada ya shule ya mjukuu kugeuka jeneza, na hofu hiyo ni ya haki kabisa.

Ukiondoa maumivu, upweke, deni na kusahauliwa, hofu moja hubaki, na sitajifanya inatoka. Ni ile ya kutokuwepo. Mgiriki Epikuro alijaribu kuiondoa kwa hoja zaidi ya miaka 2,200 iliyopita: tukiwapo sisi, kifo hakipo, kikiwapo, sisi hatupo, kwa hiyo hatukutani kamwe. Hoja ni safi, na sijamwona mtu aliyelala vizuri kwa sababu yake. Simulizi ya Wakamba inanigusa zaidi. Mungu alimtuma kinyonga awaambie wanadamu kwamba watakufa na kufufuka. Kinyonga akafika, akaanza kusema, akigugumia na kurudia neno lilelile, na ndege akamkatiza akatangaza kwamba watu watakufa na kutoweka. Hapo kifo hakikuja kama adhabu. Kilikuja kwa ujumbe uliokatizwa, na anayesikiliza hubaki akijua kwamba habari njema ilikuwapo ila haikumalizika kusemwa. Mkristo na Mwislamu wa Machakos wanaamini wameusikia ujumbe huo hadi mwisho, na imani hiyo imewashika wengi mkono kitandani. Nimeona pia imani ikiongeza hofu, pale mhubiri anapokuja wodini kumhesabia mgonjwa dhambi zake badala ya kumwombea.

Kuna jambo moja ambalo sisi wazima hatulijui kuhusu hofu hii. Utafiti uliochapishwa 2017 na Amelia Goranson, Kurt Gray na wenzao ulilinganisha maandishi ya wagonjwa waliokuwa wakifa kwa saratani na ugonjwa wa kudhoofisha misuli na maandishi ya watu wazima walioombwa wajifanye wanakufa. Waliokuwa wakifa kweli waliandika kwa furaha zaidi na majonzi machache zaidi. Walitaja familia, mapenzi, Mungu. Waliojifanya ndio waliojaza karatasi kwa hofu na huzuni. Maneno ya mwisho ya wafungwa waliohukumiwa kifo yalionyesha hivyohivyo. Tafiti nyingine nazo zimeona mara kwa mara kwamba wazee huogopa kifo kwa kiasi kidogo kuliko tunavyodhani, na mara nyingi chini ya vijana. Kwa hiyo hofu inayotawala chumba cha mgonjwa mara nyingi ni ya waliosimama, na ndiyo inayoamua nini kisemwe.

Ndiyo maana naupinga ule utaratibu wa kumvuta daktari kando na kumwomba asimwambie mzee. Unafanywa kwa upendo, najua. Lakini mzee anauona mwili wake, anaona watoto wanaotoka Nairobi na Mombasa katikati ya wiki, anaona minong'ono inavyokatika akifungua macho. Anajua. Kinachofichwa si habari. Ni ruhusa ya kuizungumzia. Naye, kwa kuwalinda watoto wake, anajifanya hajui, na familia nzima inaigiza hadi siku ya mwisho. Mtu huyo hapati kusema ni nani anamdai, mpaka wa shamba unapita wapi, angependa azikwe wapi, ni yupi kati ya wanawe hajamsamehe. Hayo yote huja kugombaniwa matangani.

Wauguzi wa tiba shufaa wana njia nyepesi ya kuingia. Hawaanzi kwa kutangaza chochote. Wanaketi, si kusimama, wanamuuliza mgonjwa yeye mwenyewe anaelewa nini kuhusu ugonjwa wake, kisha wananyamaza wasubiri. Halafu wanauliza anachokihofia zaidi. Mtoto wa nyumba anaweza kuuliza hivyo pia, hata kwa Kikamba cha kubabaisha: "Mama, nini kinakusumbua zaidi sasa?" Mara nyingi jibu ni la kutekelezeka leo jioni: mgongo unauma akilala upande huu, asiachwe peke yake taa ikizimwa, aitwe kaka yake wa Masii ambaye hawajasemezana kwa miaka, chama kilipwe ile elfu mbili.